Sauti ya kiasi gani? Shajara ya redio yangu ya sebuleni, Mji wa Kale, Mombasa

25 Januari

Naanza kuandika kwa sababu nimechoka kubishana na nafsi yangu. Redio hii nikiifungulia mchana naipenda, nikiifungulia usiku naichukia. Spika ni zile zile, kaseti ni ile ile, kiti hakijasogea. Mke wangu asema tatizo ni mimi. Huenda.

Vifaa: amplifaya (kifaa cha kukuza sauti) ya miaka ya 1980, wati 40 kila upande, niliyoitoa kwa fundi wa redio Mwembe Tayari. Amplifaya ya pili ya wati 60, mtumba wa Uingereza, niliyoinunua mwezi uliopita kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa kuwa watu wa nyumbani wanajua kusoma. Deki ya kaseti, deki ya sidii. Spika mbili za kuweka juu ya rafu. Ukingo wa sponji uliozizunguka uliliwa na hewa ya bahari mpaka ukawa unga, nikabadilisha nikatia wa mpira. Karatasi yake yasema desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 88 kwa wati moja ukiwa mita moja.

Chumba: ghorofa ya pili, Kibokoni. Urefu mita 5.6, upana mita 2.8. Wembamba huo si ubahili wa mjenzi. Dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti haiendi mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo nyumba za zamani za pwani vyumba vyake vimekuwa virefu na vyembamba kama mashua. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipiga kofi, chumba kinakujibu.

Lengo: ladha ya mchana niipate saa nne usiku, na bibi wa chini asipande ngazi. Alipanda mara moja, Disemba. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, huo udi wausikia wewe. Mimi naletewa ngoma peke yake."

1 Februari

Nimepakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Simu si mizani ya sonara, na namba yake peke yake siiamini. Lakini tofauti ya namba mbili, simu ile ile, mahali pale pale juu ya mkono wa kiti, hiyo naiamini.

Usiku, madirisha yamefungwa, feni imezimwa: desibeli 36. Feni namba tatu: 51. Mchana dirisha wazi na tuktuk zikipita: kati ya 58 na 65. Redio inaponipendeza mchana: 77. Redio ninayoruhusiwa usiku: 61.

Tatizo la kwanza limejitokeza hapo hapo. Kwa joto hili la kaskazi, kuzima feni ni kuoga bila maji. Sasa feni iko 51 na muziki uko 61. Nimebakiwa na desibeli kumi tu za kuchezea. Kila kilicho chini ya hapo, pumzi ya mwimbaji kabla ya beti, uzi wa udi unapofifia, kinazama ndani ya feni. Ninachosikia ni vilele vya wimbo, mabonde yote yamefunikwa.

Nimepiga pia hesabu ya umeme, nikacheka peke yangu. Desibeli tatu zaidi ni wati mara mbili, na sikio halishtuki sana. Desibeli kumi ni wati mara kumi, na sikio linasema sauti imekuwa kama maradufu. Kutoka 61 yangu ya usiku mpaka 77 ya mchana ni umeme mara arubaini. Hata hivyo, kwa spika hizi na umbali wangu wa mita mbili na nusu, wastani wa mchana haufiki robo ya wati kwa kila spika. Mapigo ya ngoma yanaruka hadi wati nne hivi, basi. Zile wati 60 nilizolipia zimekaa kama seti ya vyombo vya wageni, kabatini.

8 Februari

Nimekuwa nikibadilisha amplifaya hizi mbili wiki nzima. Mpya ni bora, sina shaka. Besi, yaani milio mizito, imekaza, mwimbaji amesogea mbele, kuna uhai ambao ile ya zamani haina. Naandika ili nisije nikaambiwa sikusema.

15 Februari

Hakuna kazi iliyofanyika. Jana kulikuwa na harusi, taarab ya kisasa, spika zimepangwa mpaka urefu wa mtu mzima. Nilipokaa simu ilionyesha 102. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, inaruhusu 85 kwa masaa manane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 masaa manne, 91 mawili, 100 robo saa. Mimi nilikaa masaa mawili kwa ajili ya biriani. Leo masikio yana pamba na redio yasikika kama iko nyumba ya pili. Sitapima chochote mpaka yafunguke.

22 Februari

Siku mbaya kwa mfuko wangu, nzuri kwa mradi.

Mwanangu, aliye kidato cha tatu, alikaa nyuma ya pazia akibadilisha waya, mimi nikawa na kalamu na kazi ya kusema ipi ni ipi na ipi naipenda. Raundi ya kwanza, mara kumi: nane nilichagua mpya. Nikajiona nina masikio ya dhahabu.

Kisha nikafanya jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikacheza mlio mmoja wa hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde) kutoka deki ya sidii, nikashika multimita, kipima umeme, kwenye ncha za spika, volti za AC. Ya zamani: 0.50. Mpya: 0.58. Nobu za kuzungushia sauti, zote mbili, zilikuwa zimeelekea mahali pamoja, na ndiyo maana nilidhani sauti ni sawa. Haikuwa sawa. Hiyo ni tofauti ya desibeli 1.3.

Nikashusha mpya mpaka nayo ikasoma 0.50, tukarudia. Mara kumi: tano kwa tano.

Mwanangu akachungulia. "Baba, sasa hii nyingine tunaiuza?"

Nikamwambia akalete chai.

Hili nimelifikiria usiku mzima. Desibeli moja na kitu haisikiki kama kuongezeka kwa sauti. Laiti ingesikika hivyo, ningeijua na kuitoa kwenye hesabu. Inajificha, inavaa nguo za ubora: besi "imekaza", mwimbaji "amesogea". Ni kama mwuza viungo anayekuonjesha pilau mbili, moja kaiongeza chumvi kidole kimoja. Hutasema ina chumvi, utasema ina mkono. Tangu leo sitalinganisha kitu na kitu bila kupima volti kwanza, na nikiambiwa dukani "hebu sikiliza hii", nitauliza nobu imewekwa na nani.

Maandishi ya 8 Februari nayaacha kama yalivyo, yawe adabu yangu. Amplifaya ya zamani ndiyo inayorudi kazini.

Machi

Ramadhani. Muziki umefungwa, redio haijafungwa. Baada ya tarawehe nacheza kisomo cha Qur'ani kwa sauti ya chini kabisa, simu inasoma 54, 55, juu ya feni kwa kidogo tu. Na hapa nimekutana na jambo ambalo sikulitarajia: hakuna kilichopungua. Sauti ya msomaji imejaa, iko karibu, haiombi kuongezwa. Redio hiyo hiyo, chumba hicho hicho, saa hiyo hiyo ya usiku ambayo muziki hunikauka.

Kwa hiyo kuwa chini si kosa lenyewe. Kuna kitu kinachopotea kwenye muziki na hakipotei kwenye sauti ya mtu mmoja.

5 Aprili

Jibu ni la zamani kuliko baba yangu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, waliwakalisha watu na kuwauliza mlio huu na ule vina ukubwa sawa lini. Mistari waliyoichora imerekebishwa mara kadhaa baadaye, na leo iko katika kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 226. Maana yake kwa mtu wa Kibokoni ni hii: sikio si mizani iliyo sawa. Milio ya katikati, pale inapokaa sauti ya binadamu, linaipendelea. Besi inalazimika kugonga mlango kwa nguvu ndipo ifunguliwe, na kadiri sauti yote inavyoshuka ndivyo besi inavyowahi kutoweka.

Kwa namba: ukishusha kila kitu desibeli 20, toka 80 kwenda 60, milio ya katikati inasikika imeshuka kwa kiasi hicho, lakini mlio wa hezi 50 unasikika umeshuka zaidi. Ili besi ibaki na uwiano wake, ilitakiwa ishuke kama 12 tu. Hizo nane hivi zilizobaki ndizo ninazozililia kila usiku. Msomaji wa Qur'ani hana hezi 50 za kupoteza, ndiyo maana hakupungua.

Na nimeelewa kwa nini bibi wa chini analetewa ngoma. Sakafu inakata udi, haikati besi. Tena chumba changu kina makosa yake: kwa joto letu sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde, na upana wa mita 2.8 unazaa mwangwi wa hezi 62. Urefu wa chumba ni maradufu ya upana, kwa hiyo nao una mwangwi pale pale. Viwili vimekutana. Nikipandisha, hezi 62 inavuma kama meli Kilindini. Nikishusha, mvumo huo huo unageuka rafiki, unajazia besi ambayo sikio limeitupa. Nilikuwa na mpango wa kuupiga vita kwa magodoro ukutani. Nimeufuta mpango huo. Nimesogeza kiti tu, sentimita sitini kutoka ukuta wa nyuma, ambako mvumo upo lakini hautawali.

12 Aprili

Kazi ya mikono, hatimaye.

Amplifaya ya zamani ina kitufe kilichoandikwa LOUDNESS. Miaka yote tumekitumia kama kitufe cha sherehe: bonyeza, besi inanenepa, watoto wanacheza. Kumbe kilitengenezwa kwa ugonjwa wangu hasa: kinaongeza besi, na milio ya juu kidogo, ukisikiliza chini. Lakini kila nilipokibonyeza usiku besi ilikuwa uji.

Sababu iko kwenye nobu. Nobu yangu inaanzia saa moja na kuishia saa kumi na moja, kama siku ya kazi (nasoma saa kwa hesabu yetu, saa sita mshale uko juu). Potenshiometa, kile kidhibiti kilicho nyuma ya nobu, ina mguu wa ziada, na kitufe kinajiongoza kwa mguu huo: nobu ikiwa chini, kinadhani unasikiliza chini sana, kinamwaga besi kwa ukarimu. Nobu ikipanda, kinajizuia. Sasa amplifaya hii imeandikiwa kupokea milivolti 150, na deki ya sidii inatoa volti 2. Ni zaidi ya desibeli 22 za ziada. Kwa hiyo usiku nobu yangu ilikuwa inanusa saa mbili, na kitufe kilikuwa kinamwaga chote kilicho nacho.

Kuna ubaya wa pili huko chini. Potenshiometa hazilingani pande zake mbili mwanzoni mwa safari, na saa mbili ya kwangu mwimbaji alikuwa amehamia spika ya kushoto. Nilikuwa nikimsingizia ukuta.

Dawa: rezista (vipande vya kuzuia umeme) mbili kwa kila upande, kilo-omu 10 kwa mfululizo na kilo-omu 1 kwenda ardhini, kwenye waya wa deki ya sidii. Zinakata karibu desibeli 21. Fundi alinipa kwa shilingi chache, akauliza kwa nini mtu mwenye akili anunue kitu cha kupunguza sauti. Nikaziunganisha kwa risasi mwenyewe, kiungo kimoja hakikushika vizuri nikakirudia.

Matokeo: sauti ile ile ya 61, nobu sasa iko saa tano. Mwimbaji amerudi katikati. Nikabonyeza kitufe, besi ikaingia kama mgeni aliyebisha hodi. Nilikaa nikasikiliza sidii nzima, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho nililifanya lini usiku.

Deki ya kaseti haina ukorofi huu, inatoa umeme mdogo zaidi. Nimeiacha.

Mei

Masika. Mvua juu ya mabati ya jirani, 63 kwa kipimo cha simu, na stima inakwenda inarudi. Sikupima, sikujenga. Usiku mmoja stima ilipokatika, mvua nayo ikanyamaza, nikasikia muuza kahawa akigonganisha vikombe mbali sana, kona ya pili. Nikaandika pembeni ya daftari: kikombe. Sikujua bado kwa nini.

7 Juni

Kusi imeingia sawasawa. Juzi mke wangu alizima feni akasema kuna baridi, na kwa baridi yetu maana yake ni nyuzi 24.

Nilikuwa nimeketi, redio ikicheza, nobu saa tano. Feni ilipoanza kupungua mbio nilisikia muziki ukikua. Sikugusa kitu. Simu yasema muziki ni 61 kama kawaida. Lakini sakafu ya kelele imeanguka toka 51 mpaka 37, na desibeli kumi nilizokuwa nazo zimekuwa 24. Mabonde yote yamefunuka. Nilisikia dole la mpiga udi likiteleza kwenye uzi. Nilisikia pia kitu ambacho feni ilikuwa ikinifichia kwa hisani yake, mchakacho wa kaseti, sss ndefu kama mtu anayekaanga mbali. Kila dirisha linaingiza lake.

Nilirudia mara tatu, feni wazi, feni imezimwa, na mke wangu akiwa hajui ninachopima. Akiwa na feni aliomba niongeze sauti. Bila feni aliomba niache. Miezi minne nimekuwa nikihesabu ni kiasi gani niongeze juu, na kazi kubwa zaidi ilikuwa chini, kwenye kelele. Feni mpya isiyolia ingekuwa bei ndogo kuliko amplifaya ile. Nimeandika hilo taratibu.

Hapa ndipo kikombe kilipopata maana. Muuza kahawa hupita saa tatu na nusu usiku. Nikimsikia akigonganisha vikombe katikati ya wimbo, nimo kwenye kiasi. Nisipomsikia, bibi wa chini ananisikia.

21 Juni

Ammi alikuja baada ya swala ya Ijumaa, akakaa mpaka usiku. Yeye alikulia na redio ya lampu na Sauti ya Mvita, kituo cha redio cha zamani cha hapa Mombasa, na ana begi la kaseti za Mbwana Radio Service, duka la kaseti za taarab la hapa mjini, ambalo haazimi mtu. Alilileta mwenyewe, akalishika mapajani.

Tukacheza moja ya udi, ngoma ya dumbak na tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vitufe. Nikaiweka 70, kwa heshima ya mgeni. Akatikisa kichwa. "Mpunguze."

Nikashusha kidogo. "Bado."

Nikafika 64. Akafumba macho. "Sasa amekaa. Alikuwa amesimama juu ya meza."

Nimekaa na maneno hayo. Kaseti ile ilirekodiwa na watu wachache ndani ya chumba, na mtu akipiga udi mbele yako sebuleni hauzidi mazungumzo kwa mengi. Ukipandisha kupita hapo, mdomo wa mwimbaji unakuwa mpana kama mlango na udi unakuwa wa shaba. Ukishusha sana, anageuka kijitu ndani ya kopo. Kati ya hapo pana nafasi nyembamba, desibeli tatu au nne, ambapo umbo lake ni la binadamu. Kisha ammi akatoa kaseti nyingine, ya bendi yenye gitaa la besi na ngoma za kizungu, nikajaribu 64 ile ile, na ikawa maiti. Hiyo ilitaka 72. Sikuwa na ruhusa ya 72 saa nne usiku, nikabonyeza kitufe nikaiacha 66, na ammi akasema "si haba", ambayo kwake si sifa.

Kwa hiyo sina namba moja ya kuandika ukutani. Kila rekodi ina yake, na nyingine namba yake si ya usiku.

5 Julai

Hali ya mradi. Amplifaya ya zamani, kitufe kimebonyezwa, rezista ziko mahali pake. Rangi ya kucha ya mke wangu imetumika: nukta nyekundu saa tano kwa udi, nukta ya pili saa sita kasorobo kwa bendi. Nyuma ya kila kaseti nimeandika namba kwa penseli. Ile amplifaya ya wati 60 imeuzwa, kwa hasara, kwa mtu ambaye nilimweleza yote na bado akaichukua kwa sababu ina taa nzuri.

Yaliyobaki: feni kabla ya Novemba. Kusafisha potenshiometa, inakwaruza ikipita saa nne, chumvi ya bahari bila shaka. Kupima tena masikio yangu mwenyewe, hasa la kulia.

Na hili la jana. Nilimkuta bibi wa chini ngazini na kapu la sokoni, nikampokea kapu. Nikamwuliza kama redio bado yamsumbua. Akasema siku hizi haisikii kabisa, kisha akanyamaza kidogo.

"Ile ya tashkota, siku ile mzee alipokuja. Mbona uliipunguza?"

Nimemwomba ammi kaseti nimnakilie bibi. Ammi hajajibu.